Kanda si filamu

Mwandishi, asante, ila hapo unaposema Vitimbi, kile kichekesho cha televisheni ya Kenya, inaweza kung'arishwa kama Star Trek sikubaliani. Star Trek: The Next Generation ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ndiyo maana waliirudia filamu yenyewe na kutoa picha mpya kwa Blu-ray kuanzia 2012. Vipindi vyetu vya studio, tangu enzi za shirika la utangazaji la Kenya, VOK, hadi lilipoitwa KBC, vilirekodiwa kwa kanda za video, mistari 625 basi, na hakuna mashine itakayorudisha kisichonaswa. Lakini nanyi wachangiaji mnaosema hapo juu tuachane navyo, hapana jamani! Hapa Eldoret marehemu baba aliirekodi Vitimbi kwa VHS. Kanda nyingine zimeota ukungu, zilizopona nimezihamishia kwenye kompyuta na Mzee Ojwang, mhusika wa Vitimbi, anasikika vizuri kabisa. Mwenye kanda nyumbani, azihamishe mwaka huu.