Sinema Bubu za Kaskazini: Nani Atazipa Sauti?

Picha isiyo na sauti haina wa kuitetea. Mwenye kuitia sauti ndiye anayeisemesha atakavyo. Piga ngoma za vita chini ya picha ya mzee anayenywesha ngamia wake kisimani, na mzee yule atageuka jangili. Piga zumari ya huzuni, atageuka fukara wa kuhurumiwa. Kumbe mwenyewe alikuwa akinywesha ngamia tu.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya filamu moja ya hali halisi, Dawson City: Frozen Time, iliyotengenezwa mwaka 2016 na Mmarekani Bill Morrison. Inasimulia jinsi ilivyofukuliwa mwaka 1978, katika mji wa Dawson huko kaskazini ya Kanada, mikanda 533 ya sinema bubu. Ilikuwa imefukiwa mwaka 1929 ndani ya bwawa la kuogelea, na baridi ya ardhi ikaihifadhi. Nyingi katika sinema hizo zilidhaniwa zimepotea kabisa. Maneno ya kusemwa ni machache mno. Anayemwongoza mtazamaji ni muziki wa Alex Somers, muziki wa taratibu unaomwachia mtu nafasi ya kutazama na kufikiri.

Msomaji wa Mombasa au Lamu ataniuliza: Dawson na Garissa wapi na wapi? Ngoja nikwambie.

Nasi tuna sinema zetu zilizopotea. Kati ya 1935 na 1937 kilikuwako kituo cha Waingereza huko Vugiri, upande wa Tanga, kilichotengeneza sinema kama 35 za kuwafunza Waafrika, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Picha zilikuwa bubu. Maneno, Kiswahili kikiwamo, yalitiwa kwenye sahani za santuri na kupigwa pamoja nazo. Leo zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu, nazo ziko Uingereza. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.

Huko kaskazini nako, Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, walipiga kambi Marsabit katika miaka ya 1920, katika ile NFD ya wakoloni ambayo Garissa nayo ilikuja kuhesabiwa humo. Sinema yao Simba ilitoka mwaka 1928. Wenyeji wamo, lakini hawasemi. Wanasemewa, tena mara nyingine kwa dhihaka.

Basi ikipatikana kesho sinema nyingine ya namna hiyo, tuipe sauti gani? Rai yangu ni hii: sauti itoke kwa wenye picha. Wasomali wana nyimbo za kunyweshea ngamia, ziimbwazo kisimani mnyama akivutiwa maji. Wana njuga ya mti, koor, inayogonga shingoni mwa ngamia. Wana gabay, shairi linalosomwa kwa sauti tupu bila chombo chochote, hata yule asiyependa vinanda atalisikiliza kwa raha. Na kandokando ya Mto Tana wako Wamunyoyaya na Wapokomo, wenye sauti zao. Kwa nini tukaazime fidla za mbali?

Wala jambo hili si la burudani tu. Kaskazini Mashariki ni mahali palipozoeshwa kunyamazishwa. Mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, yalitokea Februari 1984, na hesabu ya waliouawa ingali inabishaniwa. Judy Kibinge alipotoa filamu yake ya mkasa huo, Scarred, mwaka 2015, ilikuwa imepita miaka thelathini na zaidi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na aliyenusurika asipewe tu nafasi ya kuonekana, asikizwe.

Kuhifadhi kunawezekana. Mwaka 1988, Hargeisa ilipokuwa ikishambuliwa kwa mabomu, kanda za redio zilifukiwa ardhini ili zisiangamie, zikafukuliwa baadaye. Mwaka 2017 baadhi ya nyimbo za Kisomali zilizookolewa zilitolewa kwa santuri na ulimwengu ukazisikia. Dawson barafu ndiyo iliyohifadhi. Hargeisa waliohifadhi ni watu.

Na Garissa haikosi mfano. Mwaka 1996 maktaba ya huko ilianza kupeleka vitabu vijijini kwa mgongo wa ngamia. Ikiwa kitabu kilipanda ngamia, picha itashindwaje? Zipelekwe nakala za picha za zamani, wazee wakae chini ya mti wazitazame, waseme: kisima hiki ni cha fulani, wimbo huu ndio tulioimba. Yaandikwe, yanaswe. Mkanda waweza kungoja miaka hamsini chini ya barafu. Mzee hangoji.