Acheni Kuzika Mboji ya Kitengela

Nenda soko la Kitengela jioni, akina mama mboga wakifunga vibanda, kisha tazama chini. Mashina ya sukuma wiki, maganda ya ndizi, nyanya zilizopondeka, majani ya kabichi: vyote vimesukumwa kwenye lundo moja na nepi, chupa za plastiki na vigae vya glasi. Mvua ikinyesha, maji meusi yanateremka mtaroni. Baadaye lori linakuja, linazoa kila kitu pamoja, nasi tunalipa ada tukidhani mji umesafishwa.

Huu ni uharibifu, na ni kuvunja sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zote, za umma na za binafsi, zitenganishe taka zinazooza na zisizooza. Haya, ni plot ngapi Noonkopir zenye mapipa mawili?

Kazi ya kugeuza taka zinazooza kuwa mboji hufanywa na vijidudu. Changanya majani mabichi na nyasi kavu au vumbi la mbao, nyunyizia maji kiasi, geuza ili hewa ipite. Baada ya siku chache bakteria wanalipandisha lundo joto hadi nyuzi 60 hivi. Nyumbani kwangu mimi huchomeka fimbo ya chuma katikati ya lundo usiku. Nikiichomoa asubuhi siwezi kuishika kwa mkono mtupu. Joto hilo linaua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Miezi kadhaa baadaye ninachota kitu cheusi, chepesi, kinachonukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Nimekitia kwenye udongo wetu huu mweusi, unaonasa viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi, na sasa jembe linaingia.

Wala tusiambiwe ni mambo ya Ulaya. Kiserian, kaunti hii hii ya Kajiado, kichinjio cha Keekonyokie kiliingiza damu na kinyesi cha mifugo kwenye tangi lisilopitisha hewa. Humo bakteria wa aina nyingine huvunja uchafu na kutoa methani, gesi inayowaka. Uchafu uliokuwa mzigo kuutupa ukazaa nishati. Methani hiyo hiyo inatoka jaani bila kumfaa mtu yeyote, nayo hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya kaboni dayoksaidi ya uzito uleule.

Na tunazitupa taka hizi zinazooza katika nchi ambayo mwaka 2024 ilikumbwa na kashfa ya mbolea bandia iliyowafikia wakulima! Inaniuma sana. Mkulima wa Isinya anahitaji mboji, soko la Kitengela linaoza kando ya barabara ya kwenda kwake, na kinachowatenganisha ni ule mchanganyiko wa lundo moja. Mboji yenye vigae vya chupa hakuna atakayeitia mkono.

Basi kaunti isianze na kiwanda cha kukatiwa utepe. Itenge kiwanja cha kugeuzia mboji, na lori la taka zinazooza liwe na siku yake. Mapipa mawili yawekwe kila mlango wa soko, na askari wa kaunti wanaodai ushuru asubuhi wahakikishe hayachanganywi jioni. Nawe mwenye plot, sheria inakuhusu tangu 2022: nunua pipa la pili wiki hii.