Kangomba Sio Ujanja, Staa Acha Kuisifia!
Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, anaiita Newala sayari isiyo na sheria kama za kwenye muvi za anga, eti msimu wa korosho ni kuokota hela tu. Aache hizo! Sheria ipo: korosho zinaenda chama cha msingi, ghalani, kisha mnadani. Wanaoivunja ni kangomba. Wanamvizia mama aliyekwama ada ya mtoto, wananunua kwa bei ya kutupa kabla hata msimu haujafunguliwa. Mwaka 2018 serikali iliponunua kwa Sh 3,300 kwa kilo, ikabidi ihakiki mashamba kuwasaka haohao, wakulima halali wakasota kusubiri malipo. Halafu yeye anaita hasla! Na nyie mnaomgongea laiki, mmeshamuuliza ile korosho kainunua shilingi ngapi?