Jamaa Kukaa Chini ya Mti Kaliua, Mjini Mnasema Freemason!

Haya sasa. Wiki hii kuna klipu moja imezunguka kila simu mjini. Mchekeshaji mmoja, yule mwenye mdomo usio na breki, amekaa chini ya mtundu porini Kaliua, kafumba macho, mikono iko magotini, na dakika nne nzima haongei. Mtu ambaye hajawahi kunyamaza hata msibani! Chini ya klipu watu wakaanza: "Kashajiunga." "Freemason hao." "Anaabudu miti, mwombeeni." Mmoja akasema ni kiki ya albamu, wakati jamaa hata kuimba haimbi.

Wengi waliandika hayo ndani ya sekunde kumi za mwanzo. Kuongea anaongea baada ya zile dakika nne, na huko ndiko kuna kisa chenyewe.

Jamaa ni mtoto wa Kaliua, pale pale stesheni ambapo reli ya kwenda Mpanda inachepuka kutoka ile ya Kigoma. Mwaka jana alitoa kichekesho kuhusu kijana wa Ulyankulu. Kavaa koti kubwa, kabeba gunia kichwani, anaongea kwa lafudhi ya Kirundi, na kila anayekutana naye anamuuliza, "Lini mnarudi kwenu?" Kilichekwa vibaya mno. Akapata na matangazo mawili ya biashara kupitia hicho kichekesho.

Sasa kijana aliyeigizwa yupo kweli. Walisoma naye darasa moja sekondari, na mpaka jina la utani lilikuwa lake. Yule kijana aliandika komenti moja tu: kwamba bibi yake alikuja mwaka 1972, akalima hapo maisha yake yote, na cheti chake cha uraia alikiweka ndani ya Biblia mpaka siku anakufa. Mchekeshaji akafanyaje? Akambloku. Akaendelea na maisha.

Kwa wasiojua, maana mjini wengi wanaijua Ulyankulu kwa kwaya tu: mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, na serikali ya Tanzania ikawapa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kulikuwa pori, wakafyeka, wakalima, wakazaa. Baadaye zaidi ya watu 160,000 wakakubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Leo Ulyankulu ipo ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kaliua. Yaani mchekeshaji alikuwa anamuuliza mtu wa wilaya yake mwenyewe lini anarudi kwao.

Na kama ni kuulizana "umetoka wapi", Tabora nani atabaki? Ile ni njia ya misafara. Wanyamwezi walibeba pembe mpaka Bagamoyo na kurudi na nguo na habari za pwani. Wamanyema walitoka Kongo wakabaki. Waha wapo, Wasukuma wameingia na ng'ombe zao. Hata Mirambo mwenyewe, jeshi lake la rugaruga lilijaa vijana wa makabila kibao. Huko watu wamechanganyika kabla babu wa huyu mchekeshaji hajazaliwa.

Turudi kwenye klipu. Jamaa anasimulia kwamba usingizi ulimkimbia. Analala saa tisa usiku, anaamka kuangalia namba. Akiwa anatafuta dawa mtandaoni akakutana na mafundisho ya mtawa mmoja Mganda, Bhante Buddharakkhita. Huyu ni mtu wa kweli, Mwafrika mwenzetu: alikwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana na watawa wa Kibudha kutoka Thailand, akapewa utawa Marekani mwaka 2002, akarudi kufungua kituo chake karibu na Entebbe mwaka 2005. Hebu mfikirie alivyotua kijijini na kichwa kimenyolewa na lile vazi la kitawa. Kama si uchawi watasema nini? Lakini baadaye mama yake mzazi naye akawa mtawa. Alikuwa amemtazama mwanawe kwa muda mrefu kuliko sekunde kumi.

Zoezi lenyewe ukilisikia utacheka kwa urahisi wake. Kaa. Sikiliza pumzi inavyoingia na kutoka. Wazo likija, litambue kwamba ni wazo, liache lipite, rudi kwenye pumzi. Hakuna damu, hakuna pete, hakuna kusaini popote. Ila ukilijaribu dakika tano utagundua kichwa chako kina kelele kuliko stendi ya Mbagala. Na kelele nyingi ni majibu: unamjibu bosi, unamjibu ex, unamjibu mtu ambaye hata hajaongea.

Mchekeshaji aliona hilo akiwa porini, na mwalimu wake safari hii alikuwa mjomba wake, mrina asali ambaye hajawahi kusikia neno Budha. Jamaa alikwenda kwenye arobaini ya ndugu, bando likaisha, mtandao wenyewe unakuja na kuondoka, akaamua kumfuata mjomba kwenye mizinga. Ilikuwa kabla ya mvua, wakati miombo inatoa majani mapya mekundu kama moto huku ardhi bado imekauka. Yeye amekulia pale, lakini anasema hajawahi kuyaona hayo majani. Alikuwa anayapita.

Akaanza kupiga stori. Mjomba akamkatiza: nyamaza, sikiliza kwanza, mzinga wenye nyuki na mzinga mtupu havilii sawa. Wakakaa chini ya mtundu mpaka jua lizame ndipo moshi uwashwe, maana nyuki hawarinwi kwa haraka ya mtu wa mjini. Saa nzima. Ndani ya saa hiyo kichwa chake kikawa kinaandika vichekesho, kinagombana na watu, kisha kikachoka. Akaanza kusikia mambo yaliyopo. Ndege. Jani. Tumbo lake mwenyewe.

Halafu akatokea mzee mmoja na kamba begani, wakasalimiana na mjomba kama ndugu. Kumbe ndiye mwenzake wa kurina kwa miaka zaidi ya ishirini. Mzee wa Ulyankulu. Amekula kwao mara nyingi, amembeba jamaa mgongoni akiwa mtoto, na jamaa hakuwahi kuuliza huyu ni nani na katokea wapi. Usiku ule asali ya kwanza kutoka mzingani alipewa yeye, kwa mkono wa yule mzee. Hapo kwenye klipu sauti inakatika kidogo. Wale waliosema anaigiza, wairudie sehemu hiyo.

Sasa mnaosema kaacha dini: jamaa Ijumaa yupo msikitini kama kawaida. Waislamu wana itikafu, watu wanajifungia msikitini siku kumi za mwisho za Ramadhani, wanatulia na Mola wao. Wakristo wana mafungo. Kukaa kimya hakujawahi kuwa mali ya dini moja. Na Ubudha wenyewe wala haujaletwa na TikTok: Upanga hapo Dar kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka miaka ya 1920, na mti wa Bodhi upo. Huo mti ni jamii moja na mkuyu, na chini ya mti wa aina hiyo ndipo Budha anasemekana alikaa mpaka akaelewa alichokitafuta. Hata ile hadithi ya vipofu na tembo, mmoja kashika mguu anasema ni nguzo, mwingine kashika mkia anasema ni ufagio, mnayoisimulia kila siku kwenye vijiwe, imo kwenye maandiko ya Kibudha ya kale. Mmeitumia miaka yote na hakuna aliyewaita Freemason.

Ukweli usemwe, jamaa naye ana la kujibu. Kwa nini urekodi ukimya wako dakika nne? Nani alishika simu? Mrina asali harekodi. Na lile pori analoliposti linaisha kila msimu kwa kuni za mabani ya tumbaku, yeye hakugusia hata neno moja. Ukipenda mti, uliza na anayeukata anaukatia nini.

Lakini kuna mambo mawili aliyafanya ambayo kiki huwa haifanyi. Alikifuta kile kichekesho, kilichokuwa kinamwingizia hela mpaka wiki iliyopita. Na alimfungulia yule mwanafunzi mwenzake akamwomba radhi hadharani, kwa jina la kweli la shuleni, bila muziki wa huzuni nyuma.

Mlichokuwa mnagombania Freemason, komenti ya yule kijana ilipita chini kabisa, likes kumi na moja. Hakuandika "nimesamehe." Aliandika hivi: "Miti umeiona. Njoo Ulyankulu uwaone na watu."

Mchekeshaji kajibu, "Nakuja kaka." Hiyo ni Jumatatu. Mpaka leo Alhamisi yupo Dar, kaposti viatu.