Kabla ya gari jipya la Todonyang, tuonyesheni daftari la servisi

PICHA hizi tumeziona mara nyingi. Gari jeupe la kupanda milima, maua kwenye boneti, mheshimiwa akikata utepe, akina mama wakiimba, na kijana wa mawasiliano akikimbia kupakia picha mtandaoni kabla wimbo haujaisha. Hakuna anayetaka kuharibu sherehe kwa kuuliza: chujio la hewa la gari hili litabadilishwa lini, na nani, kwa pesa za kifungu gani?

Tunauliza sisi. Msimamo wetu ni kwamba gari lolote la umma linalopelekwa pembe za mbali za Turkana bila pesa za servisi na bila fundi wa karibu halijakabidhiwa. Limetupwa huko.

Kwa msomaji wa Nairobi, Nakuru au Mombasa ambaye hajafika, Todonyang iko mwisho kabisa wa Kenya, pembeni mwa Ziwa Turkana upande wa kaskazini, mlangoni mwa Ethiopia. Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, kutoka Lodwar ni karibu kilomita 160. Barabara ya huko haina habari na mstari ulionyooka. Unapita Lokitaung, unashuka Lowarengak kando ya ziwa, unavuka laga baada ya laga, na lami uliisahau zamani.

Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar. Mama akishindwa kujifungua usiku, safari yake ndiyo hiyo. Usalama nao unategemea magurudumu. Februari 2025, wavuvi Waturkana walishambuliwa ziwani eneo hilo la Todonyang, baadhi wakauawa na wengine wakatoweka. Mahali kama hapo kuna maswali makubwa ya mpaka, silaha na maji ya kuvulia samaki. Lakini kuna swali dogo pia, ambalo halihitaji mkutano wa amani kulijibu: gari likihitajika saa nane usiku, litawaka?

Mjini, gari la kupanda mchanga au ile pikipiki ya magurudumu manne tunayokodi ufuoni ni raha ya wikendi. Likizima, unapiga selfi, unaita mwenyewe, mnacheka. Likizima kati ya Lokitaung na Todonyang, hakuna wa kuita, na mara nyingi hakuna hata mtandao wa kumwitia.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kile sehemu hiyo inafanyia mashine.

Adui wa kwanza ni vumbi. Mchanga ule mwembamba ukipita chujio la hewa, lile mafundi huita eya klina, unachanganyika na oili na kugeuka msasa ndani ya injini. Ringi za pistoni zinalika, oili inaanza kuungua, moshi wa rangi ya buluu unatoka nyuma, nguvu zinapungua kwenye mchanga. Hakuna kinachovunjika siku moja, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Siku injini inakufa, watu wanasema gari lilikuwa la zamani.

Wa pili ni joto. Lodwar ni kati ya miji yenye joto kali zaidi nchini, na mchana wa nyuzi 35 ni wa kawaida. Rejeta iliyojaa vumbi na mbegu za nyasi haiwezi kupoza chochote. Hapo dereva aliyekwama huangalia ziwa na kuona suluhisho. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Kwenye dharura yatakufikisha, lakini ukiyaacha ndani ya rejeta yanaacha ukoko, na ukoko huo ndio utakaochemsha injini safari ijayo. Dumu la maji safi ndani ya gari ni sehemu ya servisi, wala si mzigo wa ziada.

Wa tatu ni mathenge. Mti huu ulioletwa maeneo kame miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa sasa umejaa kando ya mito na barabara, na mwiba wake unatoboa tairi kama msumari. Tairi lililokwisha meno halina nafasi.

Halafu kuna laga zenyewe. Zikiwa kavu, ni mchanga. Dereva anayejua kazi anatoa upepo kidogo kwenye tairi ili zitanuke na kuelea juu, kisha anazijaza tena akifika penye mawe. Asiye na pampu hawezi kufanya hivyo, kwa hiyo anakanyaga mafuta, klachi inanuka, na gari linazama zaidi. Zikiwa na maji, ukishavuka ni lazima breki zikaguliwe, beringi za magurudumu zitiwe grisi, na oili ya difu itazamwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na inamwagwa siku hiyo hiyo.

Haya yote hayana siri. Kitabu kinachokuja na gari mara nyingi huwa na ratiba mbili za servisi: moja ya matumizi ya kawaida, nyingine ya matumizi magumu, yaani vumbi, mchanga, joto na mizigo mizito. Ratiba ya pili hufupisha muda, wakati mwingine kwa nusu. Noma ni kwamba gari la Todonyang likifuata ratiba ya gari la Upper Hill, litakufa na kitabu chake kikiwa bado kwenye nailoni.

Vijana wengi tunaelewa jambo hili vizuri, ila tunalielewa Naivasha tu. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, tunajazana kule kila mwaka kutazama magari yakimezwa na vumbi laini liitwalo fesh-fesh. Tunaona yalivyofungwa mabomba ya kuvuta hewa juu, karibu na paa. Tunaona mafundi wakiyavamia kwa dakika zilizohesabiwa, machujio yakitoka, mengine yakiingia. Hatuoni ajabu gari la mashindano kukaguliwa kila siku. Mbona tuone ajabu ambulensi kukaguliwa kila wiki?

Jibu tunalopewa kila mara ni pesa. Tunalipokea, kwa sababu lina ukweli. Mgao wa kaunti huchelewa, na servisi iko kwenye kapu la matumizi ya kawaida, kapu moja na mishahara. Mishahara ndiyo hula kwanza, na oili hupata makombo. Gari jipya lina mfadhili, lina kamera, lina hotuba. Debe la grisi halina mtu wa kulikatia utepe.

Lakini jibu hilo halitoshi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali kuhusu kaunti mbalimbali zimetaja tena na tena magari yaliyokwama uani bila kutengenezwa. Hayo yalinunuliwa kwa pesa. Serikali inayokosa pesa za chujio halafu ikapata pesa za injini nzima, au za gari lingine kabisa, ina tatizo la mpangilio kuliko la mfuko.

Tena nchi hii inajua kutenga pesa za ukarabati ikitaka. Kila lita ya petroli au dizeli tunayonunua ina ushuru wa kutunza barabara, uliopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwaka 2024. Mwendesha boda wa Kakuma anaulipa kila siku, apende asipende. Tulikubaliana kwamba barabara isiyo na mfuko wake wa ukarabati itakufa. Ambulensi inayopita mahali ambapo barabara yenyewe haijafika inastahili angalau hesabu hiyo hiyo.

Kwa hivyo tunataka mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji wataalamu kutoka ng'ambo.

Kwanza, kila gari linalonunuliwa kwa ajili ya kaskazini mwa Turkana, liwe la kaunti, la serikali kuu au la shirika, liidhinishwe pamoja na pesa za servisi za miaka mitatu, kwa ratiba ya matumizi magumu. Sanduku la vipuri liwe Lokitaung: machujio, mikanda, oili, tairi. Gari lisitembezwe hadi Lodwar na kurudi kwa sababu ya kubadilisha oili.

Pili, daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila gari liwe na daftari linaloonyesha tarehe, kilomita, kilichofanywa na aliyekifanya, na ukurasa wake ubandikwe ukutani pa zahanati au kituo cha polisi ambapo mwananchi yeyote anaweza kuusoma.

Tatu, mafundi wa hapo hapo. Kakuma, Don Bosco wamefundisha ufundi wa magari kwa miaka mingi, kwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Kuna vijana wanaojua kufungua injini ambao leo wanakaa kivulini wakingoja kibarua, na kuna gari limekaa uani likingoja fundi. Kuwakutanisha ni barua moja ya ajira.

Na sisi vijana tusijitoe kwenye hadithi hii. Sehemu nyingi ambazo gari halifiki, boda ndiyo ambulensi, matatu na lori la samaki. Wengi wenu mnaziendesha kwa mkopo au mnapeleka hesabu ya tajiri kila jioni, kwa hiyo tunajua wimbo: nikisimama kwa servisi, siku imeharibika.

Hebu piga hesabu upya. Chujio la sponji linaoshwa kwa maji na sabuni ya kufulia, usitumie petroli kwa sababu inakula sponji. Likaushe kabisa, litie oili kidogo, likamue, rudisha. Kama ni la karatasi usilioshe: likung'ute au lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na likichoka libadilishe. Cheni isugue kwa brashi na mafuta ya taa, kisha itie oili nyepesi na ufute inayozidi, kwa sababu grisi nzito kwenye mchanga inashika kokoto na kusaga sproketi. Petroli ya kwenye chupa ichuje kabla ya kumimina. Asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, gusa vitu vitano: oili, breki, cheni, spoku na upepo wa tairi.

Hiyo ni kazi fupi na haihitaji garaji. Ukiikataa, kuna siku utafungua silinda nzima, na hapo hutapoteza asubuhi moja, utapoteza wiki, na mkopo hautakusubiri. Mbaya zaidi, siku hiyo unaweza kuwa umembeba mtu anayetoka damu.

Kutakuwa na sherehe nyingine ya kukabidhi gari, maana uchaguzi hauko mbali na utepe ni rahisi. Ukiwa pale na simu yako, usiishie kupiga picha ya maua. Uliza mbele ya kamera: servisi ya kwanza ni tarehe gani? Vipuri viko wapi? Daftari liko kwa nani? Kama mheshimiwa hana majibu, sherehe imekuja mapema.