Vigae si dawa ya unyevu wa stoo

WAPO wafanyabiashara wa nafaka ambao, wakiona sakafu ya stoo inatota, hukimbilia kununua vigae. Hufanya hivyo hasa wenye vyumba vya chini ya ardhi, ambako zege huwa na ubaridi na harufu ya uvundo mwaka mzima.

Hatupingi vigae. Hufagiwa na kuoshwa kwa urahisi, na mteja akiingia huona usafi. Tunachopinga ni imani kwamba kigae huzuia maji yanayopanda kutoka ardhini.

Zege hupitisha unyevu taratibu. Ukilifunika kwa vigae unyevu haukomi, bali hupenya kwenye viungo, huacha chumvi nyeupe juu yake, na baadaye vigae hubanduka. Fedha imekwenda, na magunia bado yanaloa kwa chini.

Hasara haiishii kwenye vigae. Mahindi yanapaswa kuhifadhiwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakilowa huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao walifariki. Mahindi yaliyohifadhiwa katika unyevu majumbani yalikuwa sehemu ya chanzo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata boksi moja, pima sakafu. Chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, kibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache siku nzima. Ukikifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, usiweke kigae. Kipimo hiki kifanyike wakati wa mvua, kwani kiangazi huficha mengi.

Tiba huanzia nje. Maji ya paa yaelekezwe mbali, mtaro uchimbwe, na udongo uteremke kutoka ukutani. Anayejenga upya atandaze nailoni nzito kabla ya kumwaga zege, kisha asubiri siku zisizopungua 28 ndipo aweke vigae.

Sakafu ikishakauka, fundi aikwaruze kwa tindo pale ilipolainishwa kwa saruji, azibe nyufa na kusawazisha mabonde. Gundi ienee chini ya kigae chote, isiwekwe kwa madonge, maana penye utupu ndipo kigae hupasuka gunia linaposhushwa. Iachwe nafasi ndogo kando ya ukuta, na viungo vizibwe baada ya siku moja.

Hata hapo magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Tunawaomba mafundi wawe wakweli. Fundi anayeona maji sakafuni akanyamaza ili apate kazi, anamtia mwenzake hasarani. Nao wapangaji wazungumze na wenye nyumba kwanza, kwani mtaro na paa ni mali ya mwenye nyumba, lakini mahindi yanayooza ni ya mpangaji.

Mwenye fedha kidogo achimbe mtaro na kununua chaga mwaka huu. Vigae vinaweza kusubiri mavuno yajayo. Mahindi yaliyooza hayarudi.