Mgonjwa wa figo: mpelekee epo, dafu libaki nyumbani

Mtu akilazwa, wengi wetu hatuendi kumtazama mikono mitupu. Mfuko unabeba ndizi mbivu, machungwa, pengine madafu mawili, na aliyejaliwa anaongeza tufaha, au epo kama tunavyoliita sokoni. Kwa mama aliyejifungua hakuna neno. Kwa mgonjwa wa figo, mfuko huohuo unaweza kumletea balaa, na tunda tunaloliacha kwa sababu ya bei ndilo ambalo mara nyingi lingemfaa zaidi.

Kisa ni potasiamu. Madini haya yanahitajika na misuli yote, ukiwemo moyo, na figo zenye afya hutoa ziada kwa njia ya mkojo. Figo zikichoka, ziada hubaki kwenye damu. Ikizidi sana, mapigo ya moyo huvurugika na moyo unaweza kusimama. Mara nyingi hakuna dalili ya mapema. Mgonjwa anaongea na kucheka kama kawaida.

Sasa linganisha. Epo moja la wastani, na ganda lake, lina potasiamu kama miligramu 195. Ndizi mbivu moja ina kama 420. Nusu parachichi inakaribia 490. Kikombe cha maji ya dafu kinafika 600 hivi, na dafu ndilo tunalosifia kwamba "linasafisha figo"! Mwenye figo nzima anywe tu. Lakini aliyeambiwa apunguze potasiamu, na huenda anapimiwa hata maji ya kunywa kwa siku, dafu linamuumiza mara mbili.

Epo lina faida nyingine: fosforasi na sodiamu yake ni kidogo sana. Ganda lina nyuzinyuzi zinazolainisha choo, na kwa mgonjwa huyu choo si jambo dogo, kwa kuwa figo zikishindwa, sehemu ya potasiamu hutokea huko. Lioshe vizuri, ale na ganda.

Juisi ya epo si sawa na epo. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, sukari imekuja yote, na glasi hiyo inahesabiwa kwenye maji yake ya siku. Maepo yaliyokaushwa nayo yamepoteza maji tu, potasiamu imebaki palepale, kwa hiyo kiganja kimoja kinabeba nyingi kuliko unavyodhani.

Tusivuke mpaka, hata hivyo. Zile video za kwenye simu zinazosema epo au siki yake inaponya figo, zipuuze. Epo haliponyi figo. Halizielemei sana, basi. Tena ni moja, si manne. Manne yana miligramu 780, karibu sawa na ndizi mbili. Mwenye kisukari, ambacho pamoja na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikubwa vya figo kufeli, alihesabu pia kwenye sukari yake.

Bei ikikushinda usikope. Kikombe cha vipande vya nanasi kina kama miligramu 180, na nanasi tunalo. Ila lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, usimpe kabisa: lina sumu ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa, na wapo waliopata degedege na kufa.

Jambo moja huwa linanisikitisha: familia inamnyima mgonjwa matunda yote kwa kusikia tu kwamba "ana figo". Si kila mgonjwa anatakiwa kupunguza potasiamu. Wengine bado wako hatua za mwanzo, wengine iko chini. Mtoto ndiyo kabisa, anahitaji kukua. Kwa hiyo siku ya kliniki, kabla hamjatoka chumba cha daktari, uliza hivi: "Potasiamu yake kwenye kipimo cha mwisho ni ngapi, na kwa siku ale matunda kiasi gani?" Majibu yaandike kwenye simu, umtumie na anayepika nyumbani.